Spice Girls wakiwa wanne: mliokuwepo mwaka 1998 na 2019, je, pengo lilionekana?

Mwana wa Pangani (ameuliza)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nilikuwa sekondari Tanga wakati kanda ya video ya tamasha la Spice Girls, kundi la wasichana watano waimbaji wa Uingereza, katika uwanja wa Wembley, London, lililofanyika tarehe 20 Septemba 1998, ilipotufikia kupitia binamu aliyekuwa akisoma Uingereza, nasi tukaitazama hadi picha zikaanza kuchezacheza. Waliokuwa jukwaani ni wanne: Mel B, Mel C, Emma Bunton na Victoria Adams. Geri Halliwell alikuwa amejitoa mwishoni mwa Mei mwaka huohuo, ziara ya Spiceworld ikiwa bado inaendelea. Miaka 21 baadaye kundi hilohilo lilirudi Wembley, tena likiwa na watu wanne, ila safari hii Geri alikuwepo na Victoria ndiye aliyekosekana.

Kwenye kanda, mpiga picha ndiye anayekuchagulia cha kutazama, na ni rahisi kwake kuficha nafasi iliyo wazi. Kwa hiyo naomba kuwauliza mliokuwa uwanjani: je, pengo la mtu wa tano lilionekana kwa macho na kusikika kwa masikio, au kelele na taa zilitosha kulifunika? Siulizi nani alikuwa na sauti nzuri kuliko mwenzake, maana ubishi huo tuliuanza bwenini na haujaisha hadi leo. Nataka kumbukumbu za yaliyotokea jukwaani na miongoni mwa watazamaji. Mliohudhuria ziara ya 2007 na 2008, waliporudi wote watano, karibuni pia, kwa sababu ninyi mna cha kulinganisha.

Mama Zuhura (Leicester)

Mwanangu, nakuita hivyo kwa kuwa wakati wewe ukiwa bwenini mimi nilikuwa tayari nalea. Nilibahatika kuwaona katika hali zote mbili mwaka ule wa 1998: kwanza katika ukumbi wa NEC, Birmingham, wakiwa watano, kisha Wembley mwezi Septemba, wakiwa wanne. Bei ya tiketi sitaitaja, kwa sababu mume wangu anasoma jukwaa hili.

Maonyesho ya Birmingham yalikuwa ya ndani ya ukumbi na yalipangwa kwa hesabu ya watu watano tangu mwanzo hadi mwisho. Katika wimbo wa "Naked", kwa mfano, waliimba wakiwa wamekaa kwenye viti vilivyogeuzwa, migongo ya viti ikiwakinga kwa mbele kana kwamba hawakuvaa kitu, na sisi akina mama tuliokuja na watoto tukatazamana tusijue kama tucheke au tuwazibe macho. Geri hakuwa na sauti kubwa kuliko wenzake, na sidhani kama kuna shabiki aliyewahi kudai hivyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzungumza. Wimbo ulipokwisha na wengine wakitafuta pumzi, yeye ndiye aliyesogea mbele, akawachokoza akina baba walioburutwa na binti zao, akawauliza watoto waliokaa safu za juu kabisa kama wanasikia.

Wembley walikuwa wamekwisha kuzoea kuwa wanne. Walikuwa wametoka kuzunguka Marekani na Kanada majira yote ya kiangazi, wakianzia West Palm Beach katikati ya Juni, na mistari ya Geri ilikuwa imegawanywa miongoni mwa waliobaki kwa ustadi kiasi kwamba mtu ambaye hakuwaona mwanzo asingeweza kuonyesha palipokatwa. Mimi niliona pengo pale muziki uliponyamaza. Mel B ndiye aliyebeba mazungumzo yote, na aliyabeba vizuri, lakini utani wake ni wa kuamrisha, nawe unajikuta unapiga makofi kwa utii. Tukumbuke pia kwamba alikuwa amefunga ndoa wiki moja tu kabla, na kwamba yeye na Victoria wote wawili walikuwa wajawazito. Kwa wanawake wawili wenye mimba, kucheza kwenye jukwaa la uwanja mzima wakiwa wamevaa vile viatu vyao si jambo dogo, na nashangaa kwamba magazeti ya wakati ule yalishughulika zaidi na aliyeondoka.

Kuhusu watazamaji, jambo ambalo kanda yako haikukuonyesha vya kutosha ni mavazi. Wasichana wengi walikuja wamevaa nguo fupi yenye bendera ya Uingereza, ile aliyoivaa Geri kwenye tuzo za Brit Februari 1997. Hawakuja kulalamika. Ndiyo nguo waliyokuwa wamenunuliwa au kushonewa kabla hajaondoka, na hakuna mzazi ambaye angenunua nyingine. Basi Geri hakuwepo jukwaani, lakini kule kwenye viti alikuwepo kwa mamia, na kila kamera ilipowapitia na sura zao zikaonekana kwenye skrini kubwa, uwanja ulipiga kelele ambazo sikuzielewa kama ni za furaha au za kumwita.

Mwana Fizi (Oslo)

Mama Zuhura amesema Wembley walikuwa wamekwisha kuzoea. Mimi niliwaona kabla hawajazoea, kwa hiyo acha nitoe ushahidi wa upande huo. Geri alipanda jukwaani na wenzake kwa mara ya mwisho Helsinki, tarehe 26 Mei 1998, na kituo kilichofuata kilikuwa hapa Oslo, katika ukumbi wa Oslo Spektrum. Tuliambiwa kwamba ni mgonjwa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukataa maelezo hayo, na watoto waliokuwa karibu nami walikuwa wamemwandikia mabango ya kumtakia afya njema.

Pengo lilionekana, tena waziwazi. Kulikuwa na nyakati ambapo wanne walijipanga na upande mmoja wa mstari ukabaki mrefu kuliko mwingine, na kulikuwa na mistari ya wimbo ambayo wawili waliiwahi kwa pamoja kisha wakaangaliana na kucheka. Hata hivyo sijawahi kuona wasanii wakifanya kazi kwa bidii namna ile, na naweza kusema kwamba lilikuwa tamasha zuri kuliko lile la kwenye kanda yako, kwa sababu hawakuwa na muda wa kujipamba. Walikuwa wanatafuta njia ya kumaliza wimbo. Taarifa kwamba amejitoa kabisa ilitolewa na mwanasheria wake tarehe 31 Mei, sisi tukiwa tumekwisha kurudi makwetu na mabango yetu.

Nakubaliana na wewe, mama, kuhusu mazungumzo. Ila nadhani unampa Geri sifa nyingi mno. Watoto wa Oslo hawakujua Kiingereza cha utani, na bado waliruka kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nyota ya Kisauni (Toronto)

Ninawasoma na naona mjadala wote unamhusu Geri. Naomba nimtetee Victoria kidogo, maana husemwa kwamba kukosekana kwake hakupunguzi kitu kwa kuwa aliimba mistari michache.

Niliwaona hapa Toronto Februari 2008, wakiwa watano, katika awamu ya mwisho ya ziara iliyoanza Vancouver tarehe 2 Desemba 2007. Kila mmoja alipewa nafasi ya kuwa peke yake jukwaani. Geri aliimba "It's Raining Men", Mel C akaimba "I Turn to You", Emma akaimba "Maybe", na Mel B akamchagua mwanamume mmoja miongoni mwa watazamaji, akampandisha jukwaani na kumtesa kwa utani huku akiimba. Victoria hakuimba. Alitembea tu kama mwanamitindo, wimbo ukipigwa, akafika mwisho wa jukwaa, akasimama, akageuka, akarudi. Nawaambia kwa yakini kwamba kelele alizopigiwa kwa mwendo ule ziliwazidi wote walioimba. Huyo ni mtu aliyejua umati unamtaka afanye nini, akafanya hicho tu. Mistari yake unaweza kumgawia mwingine, lakini ule mwendo ungempa nani?

Nigusie jambo moja linalotuhusu sisi wa Afrika. Ziara hiyo ilipotangazwa Juni 2007, Cape Town ilikuwa kwenye orodha ya miji, pamoja na Beijing, Sydney na Buenos Aires. Dada yangu aliyekuwa akifanya kazi Johannesburg alikuwa ameanza kuweka akiba. London ikaongezewa maonyesho hadi yakafika 17 katika ukumbi wa O2, kwa kuwa tiketi za usiku wa kwanza ziliisha kwa sekunde 38, na miji ya mbali ikaondolewa. Mwanzoni mwa Februari tukaambiwa kwamba safari itaishia hapa Toronto kwa sababu za kifamilia na za binafsi. Wasichana hao walikuwa wameimba Johannesburg Novemba 1997 na kupiga picha na Nelson Mandela akiwa rais, kwa hiyo si kwamba hawakuijua njia.

Mtoto wa Temeke (London)

Shikamoo Mama Zuhura, na salamu kwa wengine wote.

Mimi nitazungumzia Wembley ya Juni 2019. Kwanza, kwa faida ya muuliza swali, huo si uwanja uleule wa kwenye kanda. Ule wenye minara miwili mieupe ulibomolewa, na huu wenye tao kubwa ulifunguliwa mwaka 2007. Nilikwenda usiku wa tatu na wa mwisho, tarehe 15 Juni. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu sauti, kwa kuwa baada ya usiku wa kwanza wa ziara, uliofanyika Croke Park, Dublin, tarehe 24 Mei, mashabiki wengi walilalamika kwenye mitandao na magazetini kwamba hawakusikia maneno. Hadi walipofika Wembley nilisikia kila neno, pamoja na yale yaliyoimbwa nje ya ufunguo.

Kuhusu pengo: mwaka 1998 walishona kiraka kwenye nguo iliyokwisha kukatwa, lakini 2019 walikata kitambaa upya. Victoria alikuwa amesema tangu Novemba 2018, ziara ilipotangazwa, kwamba hatashiriki, na kila kitu kikapangwa kwa hesabu ya wanne. Wacheza dansi waligawanywa katika makundi manne, kila kundi likiwa na mavazi yanayomwakilisha mwimbaji mmoja. Geri aliingia na gauni la bendera lenye upana wa malkia wa kale. Kwa macho, hukuweza kuona mahali ambapo mtu wa tano angesimama. Wanawake waliokaa nyuma yangu, ambao kwa makadirio yangu walikuwa na umri wa miaka kumi hivi wakati wa ziara ya kwanza, ndio waliotoa mistari ya Victoria kwa sauti, tena wakinyoosha kidole kama yeye.

Usiku ule kulitokea jambo ambalo mashabiki wa 1998 walistahili kulisikia zaidi kuliko mimi. Geri alisimama mbele ya uwanja mzima akasema kuna neno alilopaswa kulisema zamani, akaomba radhi kwa kuondoka kwake, na akasema alikuwa amedeka tu. Wenzake walimkumbatia. Mwanamke mmoja kando yangu alisema kwa sauti, "Umechelewa!", na watu wakacheka, lakini yeye mwenyewe alikuwa analia.

Dada Nyota, hoja yako kuhusu mwendo naikubali. Kulikuwa na ucheshi mwingi Wembley, lakini ule ubaridi wa Victoria uliofanya ucheshi wa wengine uchekeshe zaidi haukuwepo, na wanne wote walikuwa wachangamfu kwa kipimo kimoja. Baada ya saa nzima unachoka kidogo.

Mwana wa Pangani

Nawashukuru sana, hasa ndugu wa Oslo, maana sikutegemea kumpata mtu wa usiku ule. Nina swali dogo la nyongeza. Wimbo wa "Goodbye" ulitoka Desemba 1998, Geri akiwa amekwisha kuondoka, na wengi tuliuchukulia kama wa kumuaga yeye. Je, mwaka 2008 na 2019 waliuimba naye akiwepo? Alisimama wapi?

Nyota ya Kisauni (Toronto)

Waliuimba, naye aliimba pamoja nao bila aibu yoyote, kama alivyoimba pia "Holler" ya mwaka 2000, ambayo ilirekodiwa bila yeye. Alisimama katika mstari na wenzake. Ilikuwa ajabu kidogo kwa dakika ya kwanza, kisha ukasahau, kwa sababu wakati huo wimbo ulikuwa umekwisha kuwa wa kutuaga sisi.

Mtoto wa Temeke (London)

2019 vilevile, "Goodbye" ilikuwemo. Usihangaike kutafuta rekodi rasmi ya ziara hiyo wala ya 2008, kwa kuwa hazikutolewa kwa kuuzwa. Ukitaka kuwaona wote watano katika tamasha kamili lililotolewa rasmi, tafuta lile la Istanbul la Oktoba 1997, ambalo lilifanyika kabla ziara ya Spiceworld haijaanza. Huko utamwona Geri akizungumza kati ya wimbo na wimbo, kisha uamue mwenyewe kati ya Mama Zuhura na ndugu wa Oslo.