Je, Wilco ni Uncle Tupelo iliyobadili jina?

Swali: Ndugu zangu, nimeambiwa kwamba Wilco, bendi ya roki ya Marekani, ni bendi ileile ya Uncle Tupelo yenye jina jipya. Je, ni kweli?

Jibu 1: Si hivyo hasa. Uncle Tupelo ilianzia Belleville, Illinois, mwaka 1987, na albamu yake ya kwanza, No Depression ya mwaka 1990, ilichanganya kantri ya zamani na makelele ya panki kiasi kwamba jina la albamu hiyo likawa jina la mtindo mzima wa muziki. Mwanabendi Jay Farrar alipojitoa mwaka 1994, mwenzake Jeff Tweedy aliunda Wilco pamoja na wanamuziki waliobaki, ilhali Farrar alianzisha bendi ya Son Volt.

Jibu 2: Naongezea kidogo. Mwaka 2001 kampuni ya kurekodi ya Reprise iliikataa Yankee Hotel Foxtrot, albamu ya Wilco. Wilco wakaondoka na albamu yao, wakaiweka kwenye tovuti watu waisikilize bure, kisha mwaka 2002 ikatolewa na kampuni ya Nonesuch, iliyokuwa chini ya mmiliki yuleyule wa Reprise. Ni sawa na kumnunua kuku mmoja mara mbili!

Muulizaji: Nashukuru. Nianze na albamu ipi?

Jibu 1: Anodyne ya Uncle Tupelo ya mwaka 1993, waliyoirekodi wakipiga wote kwa pamoja studioni, sikiliza hasa fidla.