Simu 24 za mezani za ofisi, Kigoma: Yealink T31P au Grandstream GRP2601?

Mwana_Ujiji
Habari za jioni wakuu. Shirika letu lina ofisi hapa Kigoma mjini na simu zetu za mezani, zile za kupitia intaneti, zimechoka kabisa. Nyingine vitufe havikubali mpaka ukandamize kwa kucha, na mkono wa simu ya mapokezi tumeuzungushia selotepu. Bosi anataka pendekezo kabla ya Ijumaa. Nimebaki na hizo mbili nilizotaja. Zinahitajika 24. Ipi nzuri?

FundiKasulu
Mtoa mada, hujatuambia kitu bado. Seva yenu ni ipi? Swichi za mtandao, zile simu zinapochomekwa, zinatoa umeme kwenye kebo ya mtandao, au kila simu ina adapta yake? Majengo mangapi? Kompyuta zinaunganishwa nyuma ya simu? Jibu kwanza, vinginevyo tutakuwa tunapiga ramli.

Laini_Safi
Yealink, usijiulize mara mbili. Nimefunga nyingi na sauti yake imetulia.

Gungu_Digital
Grandstream haina tatizo lolote. Ila mtoa mada angalia herufi ya mwisho: GRP2601 tupu haipokei umeme kwenye kebo, inayopokea ni GRP2601P. Kwa Yealink, T31P inapokea. Umelinganisha mbuzi na kondoo hapo.

Bando_Kubwa
Mimi nashangaa, simu za mezani za nini zama hizi? Wawekeeni wafanyakazi programu kwenye simu janja zao, hela ibaki.

Mapokezi_Tabora
Ndugu Bando, mimi nakaa mapokezi Tabora mwaka wa sita, naomba nikujibu. Simu ya mezani ni ya meza, si ya mtu. Nikienda kula, mwenzangu anakaa kwenye kiti changu na simu zinaendelea kupokelewa. Tulijaribu hiyo programu miezi miwili. Saa nane mchana simu ya mtu imeisha chaji, au iko kwenye pochi, au anaongea na mwanaye, na mteja aliyetoka Sikonge yuko mlangoni anasema kapiga tangu asubuhi. Tulirudisha za mezani.

Bando_Kubwa
Nimekuelewa dada. Lakini kwa maafisa wanaozunguka vijijini bado nasimamia hoja yangu.

Mzee_wa_Mitambo
Vijana, kabla hamjanunua chochote nisikilizeni. Kuna mtu aliwahi kutuuzia simu 30 zilizotumika kutoka nje, chapa kubwa, safi kama mpya, kwa bei ya kutupa. Nikazipokea mwenyewe. Nikawasha ya kwanza, ikaandika kwenye kioo jina la kampuni ya ughaibuni na kuomba nenosiri. Nikaifuta irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikazima, ikawaka, jina ni lile lile. Kumbe kila ikifutwa, ikipata intaneti tu inaenda kwenye seva ya mtengenezaji kuuliza mwenyewe ni nani, na mwenyewe bado ni yule wa zamani. Nikazikatia intaneti, zikakubali mipangilio yangu. Siku ya pili mmoja akachomeka yake kwenye mtandao wa wageni, ikarudi kule kule. Tukamwandikia muuzaji aombe ziondolewe kwenye orodha. Hakujibu hadi leo. Ziko stoo, 30, na mimi ndiye niliyesaini kupokea. Nunueni mpya, kwa wakala anayeandika risiti, na muulizeni kama zina idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mwana_Ujiji
Shikamoo mzee, asante. Kumbe nami nilikuwa na profoma moja ya zilizotumika, nimeitoa. FundiKasulu, majibu: seva ni Asterisk, programu ya kuunganisha simu za ofisi, tunaisimamia kwa FreePBX. Swichi za kawaida, kila simu ina adapta. Kompyuta zinapitia nyuma ya simu. Majengo mawili, kebo imepita juu chini ya miembe.

Mzee_wa_Mitambo
Marahaba mwanangu.

FundiKasulu
Sasa tunaongea. Pesa yako ya kwanza iende kwenye swichi yenye PoE, yaani inayotoa umeme kwenye kebo ya mtandao, simu zifuate. Umeme ukikatika leo, adapta 24 zinazima pamoja. Swichi ikikaa stoo na UPS moja, betri ya akiba, simu zote zinabaki hai, ilimradi seva na ruta navyo viko kwenye UPS. Simu nyepesi kama hizi wakadirie wati 4 kila moja, 24 ni wati 96, kwa hiyo usichukue swichi inayotoa jumla ya wati 60 kisa ina matundu ya kutosha. Pili, T31P na GRP2601P zote zina matundu ya megabiti 100. Kompyuta iliyo nyuma yake haitavuka hapo. Kama wahasibu wanahamisha mafaili mazito, hao wapewe T31G, yenye matundu ya gigabiti.

Laini_Safi
Na kama mtapandisha Asterisk kwenda 21, chan_sip, njia ya zamani ya kusajili simu kwenye seva, imeondolewa. Sajilini simu zote kwa njia mpya, PJSIP, tangu mwanzo.

Gungu_Digital
Zote mbili zinakubali PJSIP, kwa hiyo hilo halimpi Yealink ushindi.

Laini_Safi
Sikusema linampa.

FundiKasulu
Jamani acheni chapa. Mimi nina hofu na hiyo kebo ya miembeni. Mtoa mada, ni ya shaba? Ina urefu gani?

Mwana_Ujiji
Ya shaba, ya ndani, ile ya kijivu. Urefu sijui, nilihesabu hatua nikapata kama 120.

FundiKasulu
Kikomo ni mita 100. Na masika ya Kigoma mnayajua: radi ikipiga karibu, shaba kati ya majengo mawili inabeba kishindo hadi kwenye swichi, na swichi yenye PoE ina simu zote 24 mgongoni. Kati ya majengo weka mkonga, kebo inayopitisha mwanga badala ya umeme.

Mapokezi_Tabora
Hapa kwetu radi ilikula ruta na printa siku moja. Tangu hapo mawingu yakifunga tunachomoa.

Bando_Kubwa
Mkonga wa hatua 120 Kigoma unamkuta fundi wa kuunga? Au mpaka aje na treni?

Gungu_Digital
Wapo. Unaweza pia kuagiza ulioungwa tayari ncha zote mbili, ukapitisha kwenye bomba. Ila pima kwa futi kamba, si kwa hatua.

Mwana_Ujiji
Kesho asubuhi napima. Mzee, zile 30 za stoo, ukichomoa intaneti kabisa haziwezi kutumika kwa namba za ndani tu?

Mzee_wa_Mitambo
Zinaweza. Ila utamlinda nani asizichomeke pengine?