Akwariamu ya lita 840 hapa Kigoma: nataka maji yajibadilishe yenyewe

Mwanga_Sokoni

Wakuu, poleni na majukumu. Nina tangi la vioo sebuleni hapa Mwanga: urefu sm 200, upana 70, kimo 60. Ndani kuna frontosa na kundi la duboisi, samaki wa Ziwa Tanganyika. Kila Jumamosi natoa nusu ya maji kwa mpira, halafu najaza kwa ndoo. Biashara inanipeleka Kasulu na Kibondo mara kwa mara, na nisipokuwepo anayebeba ndoo ni shemeji yenu. Ameshatoa tamko: ama mtambo, ama samaki warudi ziwani.

Wazo langu ni hili. Simtanki liko nyuma ya nyumba juu ya mnara wa mita tatu. Nivute paipu ya nusu inchi hadi kwenye akwariamu, niweke valvu ya umeme yenye taima, ifunguke usiku dakika kadhaa. Upande wa kutokea nitoboe kioo, maji ya ziada yaende nje. Bomba letu linaleta maji ya ziwa hilihili, kwa hiyo pH (kipimo cha ukali wa maji, asidi au besi) hainisumbui. Aliyewahi kufunga kitu kama hiki anielekeze, hasa aina ya valvu.

Kibirizi_Boy

Mkuu, ziwa hilo hapo chini, bodaboda tu unafika. Sebuleni unatafuta nini? 😀

Utani pembeni. Kama ni valvu, nunua ile inayojifunga umeme ukikatika. Zipo zinazobaki wazi, hizo usiguse.

Mzee_wa_Bangwe

Kijana, mnara sawa, paipu sawa, tundu la kutokea sawa kabisa. Valvu ya umeme iache dukani kwa mwenyewe.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mabanda ya samaki wa mapambo, najua zinavyoharibika. Chembe ya mchanga ikikaa kwenye kiwambo, valvu haifungi, hata iwe ni hiyo anayoisifia Kibirizi. Na nyuma yake kuna simtanki zima. Sebule italoa, utafuta, yataisha. Lakini maji yenyewe yana dawa ya kuulia vijidudu. Klorini ikiingia kwa wingi inachoma mashavu ya samaki, na bakteria wa kwenye filta, wale wanaokula amonia ya taka za samaki, nao wanakwenda. Ukirudi kutoka Kibondo utakuta duboisi wanaelea.

Fanya hivi. Kati ya simtanki na akwariamu weka pipa la plastiki la lita 80. Lisizidi hapo, na sababu ni hesabu ya tangi lako: sm 200 mara 70 maana yake kila sentimita moja ya kimo ni lita 14. Lita 80 hazifiki hata sm 6. Basi tundu la kutokea litoboe ili maji yasimame sm 6 chini ya ukingo. Siku konokono akiziba tundu, pipa zima litamwagika ndani na bado sakafu itabaki kavu. Hakuna taima wala kengele itakayokupa usalama huo.

Jioni mtu anafungua koki, pipa linajaa, anafunga. Usiibiwe na wazo la kuweka boya lijaze lenyewe, maana hapo umelirudisha simtanki zima mlangoni. Tumbukiza jiwe la hewa, liache linapuliza usiku kucha klorini itoke. Asubuhi pima kwa vile vipimo vya mabwawa ya kuogelea. Kikionyesha bado ipo, tia sodiamu thayosalfeti, dawa ya kuondoa klorini, kwa kipimo cha pakiti. Kisha achia mpira mwembamba. Kinga chupa ya maji ya nusu lita: ikijaa kwa dakika 5, unapitisha lita 6 kwa saa, na kabla ya wakati wa kulala pipa limekwisha. Mwanzoni yatakwenda kasi kidogo, pipa likishuka yatapungua. Hiyo haina neno.

Usije ukanunua vile vitone vya umwagiliaji vinavyojirekebisha presha. Vingi vinataka mita tano au zaidi za mwinuko. Kwa pipa lililokaa juu ya meza havitoi kitu.

Sasa faida yake. Chukua mfano samaki wanaongeza naitreti, ile taka inayobaki majini baada ya filta, miligramu 5 kwa lita kila siku. Kwa mtindo wako wa Jumamosi inapanda mpaka 70, unaishusha 35, inapanda tena. Ukipitisha asilimia 10 kwa siku itatulia kwenye 50 hivi. Wastani haupishani sana, na maji utatumia mengi zaidi, tusidanganyane. Unachopata ni utulivu, na duboisi ni samaki wa kuugua tumbo upesi, misukosuko hawaiwezi. Ukitaka namba yenyewe ishuke, punguza chakula.

Ipuli_Tabora

Mzee shikamoo. Nakazia hilo la pipa nikiwa huku Tabora. Sisi siku hizi tunaletewa maji ya Ziwa Victoria, maji laini, wakati Tanganyika pH yake inakaribia 9. Kwa hiyo mimi kabla ya kuachia natia baking soda na chumvi ya Epsom kwenye pipa, nakoroga, napima. Ningeunganisha bomba moja kwa moja ningezitilia wapi?

Na ndugu wa Mwanga, usilale kwa sababu pH iko juu. Kwenye pH 9 zaidi ya theluthi ya amonia inakuwa ile ya sumu. Kwenye pH 7 haifiki hata asilimia moja. Filta ikiyumba kwako, muda wa kujiuliza ni mfupi.

Mwanga_Sokoni

Marahaba kwa niaba ya mzee 😀 Mzee wangu, nashukuru sana. Mawili tu: nitajuaje kioo changu kinatoboleka? Na pipa naweza kulificha nje, dirisha la nyuma?

Mzee_wa_Bangwe

Tangi limetengenezwa hapa? Kama fundi alikata kioo mbele yako kwa kalamu ya kukatia, toboa. Tempa, yaani kioo kilichokomazwa kwa moto, haikatiki, na ukiigusa na drili inasambaratika yote. Ila kama tangi ni la kuagiza, uliza kwanza. Tumia drili ya kichwa cha almasi, mwendo wa polepole, maji yakitiririka juu yake, tangi likiwa tupu. Tundu la konekta ya inchi moja, na chujio upande wa ndani ili vifaranga wasisafiri. Maji yanayotoka yapeleke kwenye migomba, ile naitreti ni mbolea.

Nje inawezekana, lakini kivulini, maana jua la mchana litalichemsha. Kitako cha pipa kiwe juu kuliko ukingo wa akwariamu, ncha ya mpira ining'inie hewani juu ya maji isizame, yasije yakarudi nyuma. Na mdomo wa pipa ufunge chandarua.