MREJESHO: Ugomvi wa kinanda na ngoma usharikani kwetu

Wakuu, niliomba ushauri hapa: wazee wa usharika wetu wa Kilutheri walitaka vijana waache ngoma na spika, tubaki na kinanda na nyimbo za kitabuni. Mlisema nimfuate mzee wa kanisa nyumbani kwake, nisibishane naye kikaoni. Nikaenda.

Kumbe ngoma wala haikuwa shida! Kilichomuuma mzee ni nyimbo za sifa kurefuka mpaka liturujia (utaratibu rasmi wa ibada) inakatwa, hata ungamo la dhambi linarukwa. Hapo kusema kweli ana haki. Tumekubaliana sifa dakika 15 kabla ya ibada, liturujia kamili, spika chini. Jumapili mzee mwenyewe kapiga makofi, ingawa nje ya mdundo.

Mpiga kinanda bado kanuna.