Familia ya Nkambo: Lubumbashi ao Ndola?

*Jumamosi*

Patrick, 18:41
Familia habari ya mangaribi. Nilifika jana kwa Tantini Béa muzuri. Pa mupaka ya Kasumbalesa tulikaa kama saa tatu juu ya mulongo ya makamiyo (malori), kisha tukaingia, gari ikabadilisha mukono ikaanza kutembea ku kushoto na mie moyo ikaruka kidogo. Chililabombwe, Chingola, Kitwe, mpaka huku Ndola, Zambia, polisi alitusimamisha mara moja tu, akaangalia karatasi ya shofere akasema endeni. Mie nilikuwa nimeshaweka franka mu mukono 😂 Sasa minajiuliza, batu ba huku banaishi muzuri kutupita ao ni macho ya mugeni?

Tonto Didier, 18:44
Macho ya mugeni. Kaa mwezi moja kisha useme

Mama Chantal, 18:45
Patrick umekula?

Patrick, 18:46
Ndiyo mama, bukari na kapenta. Huku banaita ubwali lakini ni bukari ile ile

Mama Chantal, 18:49
Na bunga ni ile ile yenye tunauza huku bei ya kupasua kichwa. Bakifunga tu mupaka bunga isitoke kwabo, huku inapanda siku ile ile, haingoje ata kesho, na wenye kuuzisha banakuangalia mu macho banasema mama ni Zambia

Nadine, 18:50
Mie niko na swali moja paka. MAYI. Mu robine iko?

Patrick, 18:51
Iko. Asubui nilifungua nikaacha inatoka, nilikuwa nangoja ikatike yenyewe, Tantini njo alikuya kufunga

Nadine, 18:51
😂😂😂 mie huku naamuka saa kenda ya usiku kupanga mabido ya mayi

Tonto Didier, 18:57
Mutaimba Zambia mpaka lini? Zambia yenu ile mu 2020 ilishindwa kulipa madeni, dunia muzima ikajua. Sisi tuko na mukuba (shaba). Mu 2024 Congo ilitosha kupita tani milioni 3, bo tani laki 8 na kitu. Sasa nani mutajiri hapo?

Junior, 19:01
Tonto gawanya na vichwa. Sisi tunapita milioni 100, bo ni milioni 20 hivi. Muzambia moja anaangukia kilo 40 ya mukuba, wewe Tonto unaangukia kilo 30 ao chini yake

Tonto Didier, 19:02
Na kilo zangu 30 ziko wapi

Junior, 19:02
Uliza ile makamiyo yenye ilikawisha Patrick pa Kasumbalesa 😅

Junior, 19:03
Tena bo rais akishindwa uchaguzi anaenda kwake. 1991, 2011, 2021

Tonto Didier, 19:03
Siasa hapana mu kikundi ya familia

Tantini Béa, 19:20
Bana yangu nilikuwa jikoni. Mie huku nina miaka 9 sasa acheni niseme kwa kuandika juu odio zangu munasema ni murefu. Musidanganyike na robine ya Patrick. Mu 2024 mvua ilikosa, mayi ya barrage ya Kariba ikashuka, na kuran (umeme) ya Zambia karibu yote inatokaka mu mayi, basi tukabakia na kuran saa tatu kwa siku, siku ingine hakuna kabisa. Inakuya saa nane ya usiku, mutaa muzima unaamuka, moja anapiga pasi uniforme ya bana, mwingine anaweka maharagi, mie nagandisha chupa za mayi mu firigo ili kesho nikuwe na baridi ya kuweka samaki. Jirani yangu mwenye kukata nywele akawa anakata ile saa, batu banapanga mulongo na bilanketi ku mabega. Saa kumi na moja inaenda, tunarudia kulala. Hiyo Patrick hataiona mu siku mbili.

Tantini Béa, 19:26
Na feza. Lubumbashi feza inatembea, lazima niseme kweli. Kule mwisho wa mwezi nilikuwa nauzisha bikwembe (vitenge) kumi mu siku moja, huku soko ya Masala nikiuzisha bitatu namushukuru Mungu. Batu ba huku banahesabu, mutu anakuya kugusa kikwembe mara ine mbele aulize bei, na mara ya tano anakuya na dada yake. Lakini minalala. Naenda kwa jirani saa tatu ya usiku na simu mu mukono, narudia nayo.

Nadine, 19:27
Simu mu mukono 😳 mie yangu naivukisha soko mu kikapo chini ya sombe (majani ya muhogo)

Tonto Didier, 19:30
Kila mahali iko na yake

Tonto Didier, 19:30
Lakini hapo pa kulala sitabisha

Mama Chantal, 19:34
Béa niambie masomo. Mutoto wetu Glody anamaliza ya sita. Huku bure ilianza 2019 lakini ni primeri paka, sasa akiingia ya saba njo minervali (feza ya masomo) inaanza, na babake unamujua

Tantini Béa, 19:41
Huku serikali ilitosha minervali tangu 2022 mpaka grade 12 mu masomo ya leta (ya serikali). Ni kweli. Lakini batoto bote walirudia masomo mara moja, klasi zikajaa, kwa mutoto yangu wa pili bamoja banaandikia ku magoti. Uniforme, viatu, madaftari ni yako. Na ni Kingereza kuanzia asubui mpaka mangaribi, Glody anajua Kingereza ya miziki tu. Mwaka ya masomo inaanza mwezi wa kwanza, si wa kenda kama kule kwenu, na karatasi ya kukaa lazima ikuwe, imigresheni haichekake na mutu. Kitanda iko. Chakula haitakosa. Mengine muongee na babake

Mama Chantal, 19:43
Glody mwenyewe anasema nini? Nadine muulize

Nadine, 19:52
Anauliza kama kule sombe iko

Tantini Béa, 19:53
Iko, banaita katapa, banaweka na karanga. Mwambie atazoea. Ila mbele ya kunitumia Glody munitumie kwanza mafuta ya ngazi (mawese) litre tano, yenye naona ku soko ya huku haina ata harufu

Mama Chantal, 19:55
Nitaweka na bitoyo (samaki ya chumvi). Patrick hujajibu, umekula mangaribi?

Patrick, 20:31
Kuran imeenda. Simu iko 9%. Mama nilikula, usiulize tena