Je, Mkataba wa London wa 1884 uliifanya Transvaal kuwa dola huru?

Ndugu aliyefungua mjadala huu anashikilia kwamba tangu tarehe 27 Februari 1884, mkataba huo ulipotiwa sahihi na Uingereza na Transvaal, jamhuri hiyo ya Makaburu huko Afrika Kusini ilikuwa huru kabisa, na kwamba Uingereza ilipodai ukuu juu yake, yaani mamlaka ya juu kuliko ya serikali yake, iliikana sahihi yake yenyewe. Nakubaliana naye kwa sehemu.

Mkataba wa Pretoria wa 1881, uliofuata kushindwa kwa Waingereza mlimani Majuba, ulitamka katika utangulizi wake kwamba Makaburu watajitawala chini ya ukuu wa Malkia wa Uingereza. Katika Mkataba wa London utangulizi huo haumo, kwa kuwa Lord Derby, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliufuta katika rasimu aliyowapa Rais Kruger wa Transvaal na wajumbe wenzake. Kwa hiyo Chamberlain, waziri wa makoloni wa baadaye, alipodai mwaka 1897 kwamba mwaka 1884 zilibadilishwa ibara tu na utangulizi wa 1881 ungali hai, hoja yake naiona dhaifu sana, wala siwezi kuitenga na dhahabu iliyogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886.

Lakini tuisome Ibara ya 4 ya Mkataba wa London. Jamhuri haikuruhusiwa kufunga mkataba na dola yoyote isipokuwa Orange Free State, jamhuri jirani ya Makaburu, wala na kabila lolote la mashariki au magharibi yake, mpaka Malkia aridhie. Ikipita miezi 6 tangu apelekewe nakala bila kupinga, alihesabiwa ameridhia. Dola ambayo mikataba yake husubiri idhini ya mwingine siwezi kuiita huru kabisa, hata neno “ukuu” lenyewe likiwa limefutwa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wachangiaji wote mpaka sasa wamezungumzia Waingereza na Makaburu tu. Mkataba wa 1881 na ule wa 1884 yote miwili ilitambua uhuru wa Waswazi, ambao hawakuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Mwaka 1893 Uingereza na jamhuri zilipatana kwamba Waswazi wangewekwa chini ya utawala wa jamhuri hiyo iwapo wangeridhia. Walipokataa, mkataba wa 1894 uliliondoa sharti la ridhaa, na nchi yao ikakabidhiwa.

Namwomba ndugu yetu anijibu hili: ikiwa dai la Chamberlain lilikuwa uvunjaji wa Mkataba wa London, waliyotendewa Waswazi mwaka 1894 na pande zote mbili zilizotia sahihi tuyaiteje?