Kusindikiza wanafunzi wa violini kwa piano kwenye mtihani: noti ni nyingi, nianzie wapi?

Mwalimu_Tanga:
Habari wakuu. Nafundisha piano, ila kusindikiza ni kazi mpya kwangu. Nimepewa watahiniwa wanne wa violini na mwimbaji mmoja, mtihani wa ABRSM (bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki), zimebaki wiki tatu. Sehemu ya piano ya gredi ya 5 na ya 6 imejaa oktavu na kodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Je, inaruhusiwa kurahisisha? Halafu piano ya ukumbini ni ya zamani na haijatyuniwa muda mrefu.

BesiKwanza:
Karibu, mwalimu. Inaruhusiwa. Kanuni za ABRSM zinakubali msindikizaji arahisishe sehemu yake, mradi muziki ubaki kueleweka. Utangulizi mrefu uliotoka kwenye okestra nao ufupishwe. Mtahini hatakupigia, na wewe utakuwa chumbani wakati wa kusindikiza tu.

Sasa, cha kupunguza na cha kubakiza. Oktavu za mkono wa kushoto: piga noti ya chini peke yake. Kodi ya noti nne: ondoa ya tano (kwa kuhesabu ngazi kutoka noti ya msingi ya kodi), bakiza ya kwanza na ya tatu, maana ya tatu ndiyo inayosema kama ni meja au maina. Kodi zinazorudiwa haraka haraka: piga moja, ishikilie. Mkono wa kulia ukiona unaiga melodi ya violini, uache kabisa. Mtoto akiteleza kidogo kwenye sauti, kuigana huko ndiko kunakomwanika.

Usipunguze besi ya pigo la kwanza, wala sehemu ambazo violini imenyamaza. Hasa mapigo mawili ya mwisho kabla mtoto hajaingia, hayo yapige kama yalivyoandikwa, kwa sababu ndiyo anayoyasikiliza ili ajue zamu yake imefika. Wengi hufanya kinyume: wanahangaika na vifungu vigumu vilivyofunikwa na violini, halafu wanajikwaa kwenye vipimo (baa) viwili vya utangulizi ambavyo kila mtu anavisikia.

Mazoezi: imba mstari wa violini huku ukipiga mkono wa kushoto tu, metronomu ikiwa kwenye asilimia 60 ya mwendo. Usiongeze mkono wa kulia mpaka hilo liwe jepesi.

Kinanda_Pwani:
Naongezea kuhusu ile piano. Ipime mapema kwa programu ya kutyuni kwenye simu. A ya katikati inatakiwa 440 Hz. Kama imeshuka kidogo, violini ndiyo ishuke kuifuata piano, na mtoto afanye mazoezi kwenye kiwango hicho kabla ya siku yenyewe. Ikiwa karibu na 415, hiyo ni nusu toni nzima. Usikubali, omba fundi au tafuta piano ya umeme. Kuirudisha juu kwa mkupuo mmoja haikai, inahitaji kutyuniwa zaidi ya mara moja, na nyaya zenye kutu hukatika.

Unyevu wa pwani nao huvimbisha mbao, funguo zinakwama chini. Bonyeza zote 88 moja moja siku moja kabla.

Mkiamua piano ya umeme: chomeka pedali kwanza ndipo uwashe, na usiikanyage wakati inawaka. Nyingi husoma pedali wakati wa kuwaka. Ukiwa umeikanyaga, itafanya kazi kinyume, sauti inavuma ukiiachia.

BesiKwanza:
Sahihi. Na mtoto akiruka kipimo, usimsubiri wala usirudi nyuma. Acha mkono wa kulia, sikiliza yuko wapi, mkamate kwenye besi ya pigo la kwanza linalofuata. Mtoto akizoea kwamba piano humfuata, hasimami.

Mwalimu_Tanga:
Asanteni sana. Mwimbaji anasema wimbo uko juu, uko kwenye ufunguo wa G, anataka F. Na malipo mnapangaje?

Kinanda_Pwani:
Nyimbo nyingi za mtihani wa sauti zinaruhusiwa kushushwa, ila soma silabasi ya mwaka huu kwanza. Kwenye piano ya umeme weka kitufe cha kuhamisha sauti (transpose) kwenye −2. Kumbuka kurudisha 0 kabla ya mtahiniwa wa violini anayefuata, la sivyo nyote wawili mtaharibikiwa kuanzia noti ya kwanza. Kwenye piano ya kawaida andika upya, usitegemee kichwa: G inakuwa F, C inakuwa B♭, D inakuwa C. Anayesoma solfa ana nafuu, do inahama tu.

Malipo: tenganisha ada ya mazoezi na ada ya siku ya mtihani, nauli iwe pembeni, na mzazi aelezwe kabla hujafungua noti. Kwa waliobaki na wiki tatu, dai angalau mazoezi mawili ya nusu saa kwa kila mtoto, la kwanza wiki hii hii.